Zamu ya Wifi Kukaa Kiti cha Dirishani

Wifi yangu hajui kusema "basi". Anajua kusema "ehee". Ukimwambia jua la leo kali, atakuitikia "ehee", lakini ataitikia kwa namna ambayo utajikuta unaendelea: "Jua kali, na mwaka ule lilipowaka hivi ndipo mume wangu alipoondoka, na tangu siku hiyo mimi na jua hatupatani." Na wewe ulikuwa unapita tu kwenda kununua vitunguu. Ndiyo maana mtaani wanamwita Bi Ehee, na wengine wakimwona kwa mbali huvuka barabara. Si kwamba wanamchukia. Wana haraka.

Kuna siku bomba la jikoni lilikuwa linavuja tukamwita fundi. Nilimwacha amechutama chini ya sinki na spana yake, mimi nikaenda kumwogesha mwanangu. Niliporudi nilimkuta fundi ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anafuta machozi kwa tambara lake lenye grisi, uso umekuwa mweusi kama sufuria ya kuni, anamsimulia wifi habari za kaka yake aliyekosana naye. Wifi ameegemea mlango, kichwa amekiinamisha kidogo upande. Hakuwa ameuliza kitu. Alikuwa amemwambia fundi, "Pole na kazi, naona umechoka." Basi.

Bomba liliendelea kuvuja mpaka juma la pili. Mume wangu, ambaye ndiye mdogo wake wifi, alimwambia wakati wa chakula, "Dada, tulimwita fundi aje kuziba maji, wewe umeenda kumfungulia mengine."

"Alikuwa na jambo," wifi alisema.

"Na sisi tulikuwa na bomba."

Amekuwa hivyo tangu utotoni. Ni mtoto wa kwanza kwao, na mama yao alipougua yeye ndiye aliyewalea wadogo zake akiwa bado msichana wa shule. Mume wangu husema dada yake hakuwahi kumchapa hata siku moja. Alikuwa anamkalisha chini na kumwuliza, "Ulipovunja kile kikombe ulikuwa unajisikiaje?" Kisha ananyamaza na kusubiri. "Afadhali fimbo," mume wangu husema. "Fimbo ina mwisho."

Alipokua alipata kazi ya mapokezi hospitalini. Foleni kwenye dirisha lake ilikuwa haisogei. Watu waliokuja kuulizia chumba cha meno walikuwa wanamweleza mambo ya ndoa, na wa nyuma yao badala ya kugomba walikuwa wanasogea karibu wasikie. Ndipo muuguzi mmoja akamwambia, "Dada, hii unayofanya ina chuo chake. Nenda kasome, maana hapa unatuzibia njia." Akasoma jioni, baada ya kazi, miaka mingi. Alikuwa analala na kitabu kifuani, na akiamka anaanzia pale kidole kilipobaki. Sasa ni mshauri kwenye kituo kinachopokea watu waliopatwa na mambo mazito: walionusurika ajali, waliopigwa na watu wa ndani ya nyumba zao, waliokimbia mafuriko au moto. Hali inayowabakia huitwa kiwewe. Wifi aliwahi kunieleza tukiwa tunakunja nguo. Alisema, "Mtu anakuwa ametoka kwenye jambo, lakini jambo halijatoka kwake." Nikaelewa.

Yeye ndiye aliyenitafutia kazi hapo. Kina mama wakija kusema yao, watoto wao huachwa kwangu, kwenye chumba chenye mkeka, vitu vya kuchezea na kabati lisilofunga vizuri. Mwanangu mwenyewe naenda naye. Tunamwita Kishindo, kwa sababu tangu ajifunze kutembea hajapita mahali pakabaki na kitu kilichosimama. Chumba changu kinatazamana na chumba cha kuzungumzia, katikati kuna ukumbi mwembamba tu. Mlango wa kule ukifungwa sisikii neno, na sitaki. Ninachokiona ni nani ameingia vipi na ametoka vipi. Ukikaa pale muda utamjua mtu aliyelia vizuri na mtu aliyejizuia. Aliyelia vizuri hutoka akiwa na njaa.

Kituo hicho kina desturi yake. Kila mshauri lazima apate zamu ya kusikilizwa kila juma. Mle chumbani kuna viti viwili. Kiti cha karibu na mlango ni cha anayesikiliza. Kiti cha dirishani ni cha anayesema, ili akishindwa kumtazama mtu apate mti au ndege wa kutazama, na pembeni yake pana stuli yenye boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Siku ya zamu yako, hata kama una cheti cha kujaza ukuta, unakaa dirishani, na mwenzako anakaa mlangoni. Mkuu wa kituo, mama mmoja mrefu asiyepandisha sauti, hana mchezo na jambo hili. Husema, "Anayebeba maji ya watu kichwani, mabega yake nayo yanalowa. Nani atayafuta?"

Wifi huiunga mkono desturi hiyo kuliko mtu yeyote. Kwa wenzake.

Soko la nguo la mtaa wa pili lilipoungua, kituo kilipokea kundi la wanawake waliokuwa wanauza mle, na wifi ndiye aliyepewa. Walikuja kila Alhamisi. Mwanzoni walipita ukumbini kama watu wanaokwenda kuchomwa sindano. Baada ya muda nikaanza kusikia vicheko kabla mlango haujafungwa, na mmoja wao, mama mnene mwenye sauti ya kunadi bidhaa, akawa ananikabidhi mapacha wake huku anasema, "Haya mlezi, mzigo huo, hauna risiti, haurudishwi." Wifi alilipenda lile kundi. Siku za Alhamisi alikuwa anapiga pasi blauzi yake asubuhi kama anakwenda posani.

Yaliyosemwa mle ndani hakutuletea nyumbani. Wifi ana siri kuliko kaburi. Lakini kitu kingine kilikuja naye nyumbani, nacho hakujua kama kimemfuata.

Kilianza na kiberiti. Asubuhi moja nikakikuta kimelowekwa kwenye kikombe cha maji. Nikadhani ni Kishindo. Nikakianika, kesho yake nikakikuta tena kikombeni, na safari hii kikombe kilikuwa kwenye rafu ambayo Kishindo haifikii hata akipanda juu yangu. Mume wangu alikichungulia, akasema, "Dada, kiberiti nacho kimekuja kwa ushauri? Kimelia mpaka kimelowa."

"Hamjui tu," wifi alisema. "Kiberiti si kitu cha kuacha ovyo."

Baadaye ikawa katikati ya kula anainua pua. "Kuna kitu kinaungua."

"Ni tumbo langu," mume wangu humjibu. "Kaa, dada."

Hakai. Anakwenda jikoni, anagusa jiko, la baridi. Anarudi, anakula matonge mawili, anainuka tena. Ukimwuliza, anasema yuko sawa. Ukimwuliza mara ya pili, anakuuliza wewe: "Kwani wewe una wasiwasi gani?" Na hapo umekwisha. Mume wangu alimwuliza mara ya pili siku moja, akajikuta anaeleza hadi wali umepoa jinsi anavyoogopa kuwa na upara kama babu yao.

Kumbe hata kazini ilikuwa hivyo hivyo. Zamu yake ya kukaa dirishani, msikilizaji wake alikuwa Mzee Miwani, mshauri wa siku nyingi mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na huwa anaitafuta ya tatu. Niliwaona wakiingia, wifi mbele, Mzee Miwani nyuma, mlango ukafungwa. Ulipofunguliwa alitangulia Mzee Miwani. Mkononi ana karatasi laini zilizokunjamana, miwani zote mbili zimepanda kichwani, na macho ni kama ya mtu aliyemenya vitunguu vya harusi nzima. Akasimama mlangoni kwangu.

"Mama Kishindo," akaniambia, "hivi mimi niliingia mle kufanya nini?"

"Kumsikiliza wifi, mzee."

"Ndivyo nilivyodhani." Akapenga kamasi. "Nimemweleza habari za talaka yangu. Ya kwanza. Hata mke wangu wa sasa hazijui zote."

Wifi alitoka nyuma yake anatabasamu, mkavu kama kuni ya kiangazi. Nilichungulia mle ndani walipokwisha kuondoka. Stuli yenye boksi haikuwa dirishani. Ilikuwa imeburuzwa kidogo kidogo mpaka kiti cha mlangoni. Alikuwa anaisogeza kwa mguu, taratibu, huku anasema "ehee".

Juma lililofuata Mkuu alisema ataingia yeye mwenyewe. Safari hii stuli aliiegemeza ukutani na kuibana kwa meza. Watu wote wakapata shughuli ya kufanya karibu na ukumbi. Walikaa sana. Kishindo aliangusha kabati, tukaliinua, akaliangusha tena. Mkuu alipotoka alisimama wima kama kawaida yake, akafunga mlango polepole, akaenda ofisini bila kumtazama mtu. Mzee Miwani alimfuata na kikombe cha chai. Aliporudi akaninong'oneza, "Mama yake mzazi. Amemweleza alivyokufa. Na hajui ilianzaje."

"Wifi alimwuliza?"

"Hakumwuliza. Alimwambia ana shingo nzuri kama ya mtu aliyelelewa na mama mwenye upendo."

Nikacheka nikajiziba mdomo. Lakini Mkuu hakucheka. Jioni hiyo alimwita wifi, na kwa kuwa ofisi yake haina dari nzuri, na mimi nilikuwa nafagia ukumbi, nilisikia.

"Unanipenda?" Mkuu alimwuliza.

"Nakupenda, mama."

"Basi usinisikilize tena bila mimi kukuomba. Sasa nisikilize mara ya mwisho. Juzi mama mapacha amenijia. Anasema mwenye duka la jirani alikuwa anachoma takataka, na wewe ukasimama katikati ya mazungumzo ukaenda kufunga madirisha yote, ukawa unatetemeka. Wao wakakaa wanakuangalia. Mmoja akakwambia pole. Nani alikuwa anamsaidia nani pale?"

Mkuu akaendelea.

"Jumanne ijayo ni zamu yako tena. Ukae dirishani, useme yako. Usipokaa kikweli, kundi la soko nampa mwingine, na wewe utapumzika kwenye kazi ya kusikiliza. Utapanga stoo mpaka nitakapoona umerudi. Sikuadhibu, mwanangu. Wale wamekwisha kupoteza vya kutosha, sitaki wakupoteze na wewe."

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Nilimbeba Kishindo mgongoni, wifi amebeba mfuko wangu. Karibu na nyumbani ndipo aliposema, "Stoo. Mimi."

Mume wangu alipoambiwa alijaribu kuchangamsha. "Huko hakuna tabu, dada. Maboksi hayalii." Akafikiri kidogo. "Ingawa kwako wewe yatalia."

Wifi hakucheka. Akainuka akaenda kugusa jiko.

Jumamosi ilikuwa siku ya kumsuka. Mimi ndiye ninayemsuka wifi tangu nilipoolewa, ndiyo mahali tulipozoeana, maana mwanzoni nilimwogopa kama mtihani. Yeye hukaa chini kwenye mkeka, mimi kwenye kigoda, kichwa chake katikati ya magoti yangu. Kishindo alikuwa amelala. Nikamfumua, nikampaka mafuta, nikaanza mstari wa kwanza kutoka kwenye paji.

Wakati wa kusukwa wifi huwa kama mtu mwingine. Hawezi kukugeukia kukutazama. Hawezi kuinamisha kichwa upande, kwa sababu nimekishika. Hata "ehee" haitoki vizuri kidevu kikiwa kimekandamizwa kifuani. Nilikuwa nimefika mstari wa tatu aliposema, kwa sauti ndogo, kama anauambia mkeka:

"Siku hizi nikiingia dukani naangalia kwanza mlango wa nyuma uko wapi."

Nikaendelea kusuka.

"Nikipanda ghorofani nahesabu nani nitambeba na nani nitamwacha. Watu ambao hata siwajui. Nasema yule bibi namwacha, yule mwenye fimbo namwacha. Halafu najichukia mchana kutwa."

Nikaendelea. Vidole vinakwenda vyenyewe.

"Na mwanao," akasema. "Nikimbusu kichwani nasikia harufu ya moshi. Umetoka kumwogesha, ananukia sabuni, ninyi wote mnasikia sabuni. Mimi nasikia moshi."

Mikono yangu ikasimama.

Nilikuwa nimeshika nywele zake mafungu matatu, na vidole vikakataa. Ilikuwa ni punde tu. Lakini kichwa kikageuka kutoka kwenye magoti yangu, na macho yakanitazama, na nikaliona lile jicho la kazini linafunguka kama duka asubuhi.

"Umeshtuka, wifi," akasema. "Ni nini kimekushtua?"

"Hakuna kitu."

"Ehee."

Mungu anajua nilijitahidi. Nilimwambia si kitu, mtoto tu. Akasema "mtoto". Hivyo tu, alilirudisha lile neno kama mtu anayekurudishia chenji. Nikajikuta nasimulia jinsi nilivyomzaa Kishindo, jinsi alivyochelewa kulia, nesi anampigapiga mgongo na mimi nasubiri ile sauti, na tangu siku hiyo akilala kimya naweka mkono puani mwake kuona kama anapumua. Sikuwahi kumwambia mtu. Nililia mpaka mafuta ya nywele yakachanganyika na machozi, na wifi amenishika magoti, ananisikiliza kwa moyo wake wote, nusu ya kichwa imesimama kama shamba lililoachwa.

Mume wangu akapita mlangoni, akatuangalia. "Nani anasukwa hapa na nani anasukasuka?" akasema, akajiondokea.

Nilipotulia nikaona aibu. "Wifi, ulikuwa unasema wewe."

"Nilikuwa nasema," akakubali, akashangaa mwenyewe. Akakaa akifikiri. "Usingeacha kusuka ningemaliza."

"Geuka basi. Naendelea."

Akageuka. Nikasuka mstari, nikasuka mwingine. "Haiwezekani tena," akasema. "Sasa najua uso wako ukoje huko nyuma."

Tukamaliza kichwa tukizungumzia bei ya sukari.

Lakini neno lilikuwa limemwingia. Jumatatu tulipofika kazini hakwenda kwenye chumba chake, alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mkuu, akaacha mlango wazi. "Kesho nitakaa dirishani," akasema. "Ila atakayenisikiliza asikae mbele yangu. Anisuke."

Mkuu akaweka kalamu chini. "Akusuke."

"Mikono yake iwe kichwani kwangu na nisimwone uso. Nikimwona uso nitamfanyia kazi, mama. Siwezi kujizuia. Ni kama mtu anapiga chafya."

Mzee Miwani, aliyekuwa pale kutafuta saini, akasema, "Mimi msinihesabu. Mara ya mwisho kushika kichwa cha mtu nilikuwa nampaka dawa ya chawa."

"Kanuni inasema anayesema akae dirishani," Mkuu akasema polepole. "Haisemi anayesikiliza akae wapi. Lakini lazima awe mshauri. Mke wa mdogo wako hawezi."

"Najua. Na huyo nimeshamliza."

Hapo ndipo sauti ikatoka pembeni ya kabati la mafaili. Ilikuwa ya Mgeni. Mgeni ni msichana aliyetoka chuoni, na ingawa alikuwa na miezi mingi pale, jina hilo lilikuwa limemganda. Ni mnyamavu, huwa anaomba ruhusa hata ya kufungua dirisha. Hakuna aliyewahi kumfikiria kwa zamu ya wifi. Mzee Miwani alikuwa anasema kumpeleka Mgeni mle ni kumtupia simba kifaranga.

"Mimi najua kusuka," akasema. "Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?" wifi akamwuliza.

"Niliwahi kumsuka mdoli."

"Alitokaje?"

"Mama alimvalisha kofia."

Nilimwona wifi akishika nywele zake kwa mikono miwili. Jumamosi iliyopita nilikuwa nimemsuka mistari myembamba ya kupendeza, ya kukaa mwezi mzima. Usiku ule aliketi kitandani kwake akazifumua zote mwenyewe.

Jumanne waliingia. Wifi mbele, Mgeni nyuma, kashika kitana kama mtu aliyeshika tiketi. Mlango ukafungwa. Mimi nilikuwa na watoto watatu na Kishindo, tunajenga nyumba ya vibao, Kishindo ndiye mvunjaji. Mzee Miwani alikuja kunisaidia bila kuombwa na akakaa akijenga ukuta uliokuwa unamtazamisha ule mlango. Mkuu alipita ukumbini kwenda chooni. Akarudi. Akaenda tena.

"Mama, una tumbo?" Mzee Miwani akamwuliza.

"Nyamaza ujenge," Mkuu akamjibu.

Mara moja tulisikia sauti. Haikuwa neno, ilikuwa kilio, cha chini na kirefu. Sote tulisimamisha mikono. Mzee Miwani akanong'ona, "Nani huyo?" Mimi nilikijua kilio kile, ingawa nilikuwa sijawahi kukisikia. Ni kama sauti ya mume wangu akilia, na mume wangu nimeshamsikia. Nilimwombea yule msichana mikono isisimame.

Ulipofunguliwa mlango, alitoka Mgeni kwanza. Uso mkavu. Kitana bado kiko mkononi na meno mawili yamekatika. Aliegemea ukuta wa ukumbi, akashusha pumzi. "Sikuacha kusuka," akamwambia Mkuu. "Hata aliposema lile... Sikuacha."

Kisha akatoka wifi.

Niseme ukweli, nimeona vichwa vibaya. Kile kilikuwa na historia. Mstari wa kwanza ulianza vizuri pajini, ukafika katikati ukakata kona kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Wa pili uliufuata wa kwanza ukapotea. Mingine miwili ilikuwa imekutana na kufungana fundo. Upande wa pili haukuguswa kabisa, ulikuwa umesimama wote juu. Macho mekundu, pua imevimba, na mbele ya blauzi pamelowa.

Watoto wakaacha vibao. Kishindo akamwangalia shangazi yake kwa heshima kubwa, kama mvunjaji anayemwona mvunjaji mwenzake.

Mzee Miwani akashusha miwani ya kichwani akaivaa juu ya ile nyingine. "Mgeni, binti yangu," akasema, "hizi ni nywele au ramani ya wizi?"

Wifi akaanza kucheka. Akacheka huku anafuta macho kwa kiganja, akaketi kwenye mkeka wangu katikati ya vibao na kuuliza kama kuna chochote cha kula. Nikampa mkate wa Kishindo. Akaumaliza, na Kishindo hakulia.

Mkuu alikuwa bado amesimama. Alimtazama Mgeni, hakumtazama wifi. Mgeni akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, kikweli. Basi Mkuu akasema, "Alhamisi kundi lako linakusubiri. Stoo ataipanga Mzee Miwani, maana naona ana muda wa kujenga majumba."

Jioni nilitoa kigoda nikamwita. "Njoo, wifi, nikufumue nikusuke upya. Huwezi kutoka hivyo."

"Acha," akasema. "Hajamaliza. Tumekubaliana nusu hii ni ya Jumanne ijayo."

"Utakaa na hicho kichwa juma zima?"

"Nina kitambaa."

Alhamisi alipiga pasi blauzi, akajifunga kitambaa vizuri, tukaenda. Wale wanawake wa soko walikuwa wameshafika, wanapanga watoto kwangu, wamebanana pale ukumbini, wanamkaribisha. Wifi akawakumbatia mmoja mmoja, na alipofika kwa mama mapacha, mmoja wa mapacha alikuwa begani kwa mama yake, na mkono wa mtoto haujui mipaka. Kitambaa kikaondoka.

Mama mapacha akakizunguka kile kichwa, mbele, nyuma, kama anayekagua bidhaa kabla ya kununua.

"Mshauri," akasema, "sisi tulikimbia moto, lakini huyu aliyekusuka alikuwa anakimbia nini?"

"Yeye alisimama," wifi akajibu. "Anayekimbia ni mimi. Sasa hivi na mimi nina mtu wangu wa kwenda kukaa kwake, kama ninyi mnavyokuja kwangu. Ndiyo kwanza tumefika nusu."

Mama mapacha akamrudishia kitambaa, akamfunga yeye mwenyewe, akamkaza kisogoni kwa mikono ya mtu anayejua nguo. "Hivyo afadhali," akasema. "Tulishaanza kuulizana nani wa kukusikiliza wewe." Wakaingia ndani, na kabla mlango haujafungwa nikasikia mmoja anauliza kama huyo msusi anapokea wateja.

Usiku tulikuwa tunakula, mume wangu, wifi na mimi, Kishindo yuko magotini kwangu ananivuruga. Katikati ya chakula wifi akainua pua. Tukamwona. Mume wangu akaacha kutafuna, akasubiri ainuke.

"Umekuja ule moshi," wifi akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kuusema mbele yetu kwa jina lake.

"Nenda kaangalie tu jiko, dada," mume wangu akasema kwa upole, bila utani wowote. "Hatukucheki."

Wifi akalitazama jiko kupitia mlango, akarudisha macho kwenye sahani. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza kwa nguvu. Akakaa. Akaniomba nimpe mtoto, nikampa, akamweka pajani.

"Hakuna kinachoungua," akasema. "Lakini ninausikia. Jumanne nitamweleza Mgeni." Akamega tonge, akalishusha. "Na nitamwambia aanzie nyuma. Huko mbele ameshaharibu."